Nyasi Italeta Nani?



Mwaka mmoja wazazi wa kijiji fulani walipatana kujenga darasa. Walikuwa wengi, tena wenye bidii. Wakafyatua matofali, wakayapanga juani. Lakini nyasi za kuyafunika hazikuletwa: kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi tukakuta tope tupu. Watoto wakasoma mwaka mwingine chini ya mwembe. Wazazi wale hawakuwa wavivu. Walikosa utaratibu tu.

Utaratibu huo ndio upi? Natutazame kazi iliyo kubwa kuliko darasa: mfereji wa Panama, uunganishao bahari mbili. Wafaransa walianza kuuchimba katika miaka ya 1880, wakashindwa. Wamarekani wakaushika mwaka 1904, na mwaka 1907 kazi ikakabidhiwa kwa injinia George Goethals.

Kwanza, mwaka 1908 aliigawa kazi upya. Hapo kabla, mkuu mmoja alisimamia uchimbaji, mwingine milango ya maji. Goethals akaukata mfereji sehemu tatu: upande wa Atlantiki, katikati, na upande wa Pasifiki. Kila sehemu ikapata mkuu wake, mwenye kujibu kwa yote yaliyomo. Palipoharibika, ilijulikana nani aulizwe.

Pili, gazeti la kila juma, Canal Record, lilichapisha kiasi cha udongo uliochimbwa na kila mashine. Watu wakajiona katika hesabu, wakaanza kushindana.

Tatu, Jumapili asubuhi Goethals alimpokea mfanyakazi yeyote mwenye shida, akamsikiliza.

Mfereji ulifunguliwa tarehe 15 Agosti 1914. Maelfu ya wafanyakazi walikufa katika kazi hiyo, hasa kwa maradhi na ajali. Kwa hiyo si yote ya kusifiwa. Lakini utaratibu ule wafaa hata kwetu.

Basi, mkianza kazi ya pamoja, andikeni kila sehemu ya kazi, na jina la mtu mmoja, na siku ya kumaliza. Kazi ya «sisi sote» haina mwenyewe. Kila juma mkutane palepale penye kazi, si barazani, mlinganishe yaliyoahidiwa na yanayoonekana kwa macho. Naye aliyechelewa aulizwe kwa upole kilichomzuia. Maana aogopaye kukemewa huficha ufa mpaka ukuta uanguke.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi ni hivyohivyo. Kabla ya kufyatua tofali la kwanza, ulizaneni: nyasi italeta nani, na siku gani?