Ngolo anachimba mama, akaunti ya kahawa ni ya baba

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, shamba la ngolo ni kazi ya watu wawili. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatizana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Kisha mwanamke huingia na jembe. Huchimba katikati ya kila mraba, udongo akautupia juu ya majani, na kwenye matuta yanayojitokeza hupanda maharage. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuporomoka na rutuba. Kwa zaidi ya miaka 100 ufundi huu umelinda milima isiliwe na mmomonyoko, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, wameufuatilia kwa heshima kubwa.

Kahawa ndiyo iliyovuruga mizani. Mibuni hufuata ardhi, na ardhi hurithiwa na watoto wa kiume. Mama huchuma, humenya, huosha na kuanika, lakini malipo ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) huingia kwa jina lililo daftarini, ambalo mara nyingi ni la mume. Mama hubaki na maharage, pombe ya kienyeji, nguruwe mmoja au wawili na hisa zake katika kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA. Ni humo humo ndimo wanawake wengi wa mlimani wamejijengea uhuru, bila kugombana na mtu: wanalipa sare za shule, wananunua bati moja moja, wanamuuguza mkwe. Nawaheshimu sana kwa hilo. Ila uhuru wa namna hiyo huisha siku mume anapofariki na ndugu zake wanapokuja kuhesabu mibuni.

Ukiteremka hadi Mbamba Bay au Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mitumbwi na nyavu ni vya wanaume, nao wanawake hununua dagaa, huanika na kupeleka sokoni. Mama wa ziwani hushika pesa mara nyingi kuliko mwenzake wa mlimani anayesubiri msimu. Hata hivyo, pesa ya dagaa haimpi kiwanja wala shamba la mihogo likiwa kwa jina la mwingine.

Kuhusu kumpa mwanamke ardhi, wazee wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Ardhi ya Umatengo ni finyu. Binti akipewa shamba kisha akaolewa ukoo mwingine, wanahofia kwamba shamba litaondoka naye. Lakini hoja hiyo inamhusu binti anayeondoka. Haimgusi mke aliyekuja na akachimba ngolo zile zile miaka yote. Huyu hachukui kitu cha ukoo; anadai jasho lake.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu. Miaka 16 kabla yake, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Tatizo ni kwamba mjane anayemshtaki shemeji yake anaweza kushinda shamba na kukosa watu wa kumsaidia msiba ukimfika. Ndiyo maana wengi hunyamaza, na anayewaita waoga hajawahi kuishi katika ukoo.

Kwa hiyo tusimwachie mwanamke mzigo wa kushtaki. Jina lake liandikwe mapema, mume akiwa hai na nyumba ikiwa na amani: kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, pamoja na la mumewe, na kwenye daftari la AMCOS. Zamani Wamatengo walikula pamoja na kuamua mambo ya ukoo kwenye sengu. Wazee wanaoikumbuka heshima yake wana uwezo wa kulibariki jambo hili, mradi wanawake wakae na kusema. Jirani na Mbinga, watu wa jimbo la Nyasa walimchagua mhandisi Stella Manyanya kuwa mbunge wao mwaka 2015. Kama wao walimkabidhi mwanamke jimbo zima, Mbinga haiwezi kushindwa kumwandika mke kwenye daftari la kahawa.

Viongozi wa AMCOS za Mbinga, fungueni madaftari hayo kabla ya msimu ujao, muwaite mume na mke pamoja, na wote wawili watie sahihi.