Mchoraji na Aanze na Uso Wake

Wapo wachoraji wepesi wa kuanika ila za wenzao, lakini wakifikia nyuso zao wenyewe hujipamba kama maharusi. Hao nawasihi wamtazame Rembrandt wa Uholanzi. Mwaka 1630, akiwa kijana katika mji wa Leiden, alitwaa mabamba madogo ya shaba, mengine hayafiki sentimita 6, akayapaka nta, akachora kwa sindano uso aliouona kiooni: macho yamemtoka kwa mshangao, paji limekunjamana kwa ghadhabu, mdomo umeachama kwa kicheko, nywele timutimu. Tindikali ikala shaba palipokwaruzwa, wino ukajazwa humo, karatasi ikagandamizwa juu yake. Na hapa ndipo penye uzito. Picha ya rangi ni moja, mwenyewe aweza kuificha chumbani. Bamba hutoa nakala nyingi zinazouzwa na kupita katika mikono ya watu asiowajua. Rembrandt alikubali kuonekana hivyo mbele ya umma, tena mwaka uleule akamchora ombaomba aliyeketi chini, akampa sura yake mwenyewe. Ndiyo maana nasema ombaomba wake wengine hawakuchorwa kwa dharau.

Atasema mtu kwamba hayo yalikuwa mazoezi tu: kioo hakidai ujira, na wanunuzi walipenda nyuso za ajabu. Sikatai. Lakini mazoezi hayo ndiyo hoja yangu, kwa kuwa alipotaka kujua hofu inavyovuta nyusi, alijichunguza yeye kwanza, kisha akatia alama ya jina lake na kuiachia picha itoke. Pingamizi zito zaidi ni la kiburi. Mwaka 1639, akiwa tayari Amsterdam, alijichora ameegemea ukingo wa jiwe kwa mavazi ya fahari, akifuata picha ya mtu aitwaye Castiglione, iliyochorwa na Raphael, mchoraji wa Italia, na kuuzwa mjini humo mwaka huohuo. Hapo alijikweza, wala tusimtetee. Ila mwaka 1648 alichukua bamba jingine, akajichora kando ya dirisha, kazini, kwa nguo za kawaida, uso mzito wa mtu aliyekwisha kumzika mkewe Saskia, macho yakimkabili mtazamaji. Hakuna aliyemlazimisha kuyavua yale mavazi. Wanaomhukumu kwa picha ya 1639 na waiweke kwanza kando ya hii.