Njia ya Maji Imo Mlangoni Mwetu

BARAZA LA GHUBA
Na Salum Masanja

Mgeni atakaye kuujua mji wa Mwanza aghalabu hupelekwa kwanza kulitazama Jabali la Bismarck pale lilipojisimamisha majini, kisha Mwaloni Kirumba akastaajabie vilima vya dagaa na mafungu ya sangara, na mwisho huvushwa kwenda kisiwa cha Saanane akawaone wanyama. Naye hurejea kwao akiamini kwamba mji ameujua. Sina neno baya juu ya matembezi hayo. Lakini naitakidi kuwa mji hujulikana kwa mapito ya watu wake, asubuhi waendapo kuchuma riziki na jioni warudipo kwa watoto wao, na kwamba mgeni yule angepata maarifa makubwa zaidi kama angesimama saa moja ya asubuhi katika kituo cha Buzuruga, akatazama tu.

Angeona daladala zikija kutoka Kisesa na Igoma zimekwisha kujaa, konda mguu mmoja ndani na mmoja hewani, mkono mmoja umeshika ukingo wa paa na mwingine umebana noti zilizokunjwa baina ya vidole, akinadi "Mjini, mjini!" ilhali ndani hamna nafasi ya kuweka hata mwavuli. Angemwona mama mwenye beseni la nyanya akibembeleza apokelewe, na wanafunzi wawili watatu, sare zao zimepigwa pasi, wakisukumwa nyuma kwa kuwa nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Kisha bodi hugongwa mara mbili, gari likaondoka, wao wakabaki.

Sababu ya adha hii haimfichiki mtu aliyewahi kupanda kilima cha Isamilo akatazama chini. Mji umebanwa baina ya majabali na maji, hata barabara kuu zinazobeba halaiki ya watu zimekuwa tatu tu: ya Nyerere iendayo Igoma na mkoa wa Mara, ya Kenyatta ipitayo Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kuelekea Shinyanga, na ya Makongoro ishikayo Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege, nazo zote tatu hukutana katikati ya mji. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni moja katika wilaya za Nyamagana na Ilemela. Wengi wao wamepanda vilimani, Mabatini na Igogo, ambako bodaboda huishia chini na mtu humaliza safari yake kwa miguu katika vijia vya mawe, ndoo ya maji kichwani. Kupanua barabara katika mji wa namna hii hakuna budi kuwe kuvunja mwamba au kuvunja maskani ya watu, na yote mawili yana gharama kubwa.

Na maadamu nchi kavu imetubana hivi, yanishangaza kuona jinsi tulivyoyasahau maji. Igombe, Bwiru, Kirumba, mjini kati, Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Luchelele: vitongoji vyote hivi vinagusa Ziwa Victoria au vimekaribiana nalo. Mfanyakazi wa Luchelele mwenye shughuli Kirumba hulazimika kupanda gari, kupita msongamano wote wa mjini, kushuka, kupanda jingine, na kufika amechoka kabla hajaanza kazi. Na jirani yake mvuvi huikata ghuba kwa mashua, akapeleka samaki zake soko lile lile la Kirumba, wala hajui foleni ni nini.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuelezwa jambo hili. Kabla reli kutoka Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, njia kuu ya biashara ya mji huu ilikuwa ziwa lenyewe: ngozi na pamba ya Usukuma zilipakiwa melini zikavushwa hadi Kisumu, ambako reli ya Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901, na kutoka huko zikaenda ng'ambo. Hata baada ya reli, ziwa halikuachwa. Paul Bomani na wenziwe walipouunganisha ushirika wa wakulima wa pamba katika miaka ya hamsini, na MV Victoria ilipoanza kazi mwaka 1961, mtu wa Mwanza aliyesema "nasafiri" huenda alikuwa akielekea gatini. Mji ulizaliwa ukilitazama ziwa. Kuligeuzia kisogo ni mazoea ya juzi tu, yaliyokuja na lami na gari la abiria.

Wako watakaosema kwamba zama za vivuko zimepita, na watatoa kwa hoja yao Daraja la John Pombe Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 baina ya Kigongo na Busisi. Nami nalisifu daraja lile kwa moyo wote, maana nawajua watu waliokaa Kigongo saa mbili na zaidi wakingojea zamu ya kivuko, mgonjwa akiwa ndani ya gari, na leo kilomita zile tatu hukatwa kwa dakika chache. Lakini daraja limeunganisha mikoa. Halikupunguza hata gari moja baina ya Buzuruga na mjini. Fauka ya hayo, kivuko cha Kamanga kingali kinatoka katikati ya mji kila siku, watu na magari yao wakielekea Sengerema, na hilo ni ithibati tosha kwamba wakaazi wa hapa hawayaogopi maji pale panapokuwa na gati na ratiba.

Naomba msomaji aniruhusu kwenda mbali kidogo, hadi Liverpool, mji mkubwa wa kaskazini ya Uingereza, ambao bandari yake ilipokea pamba ya dunia kwa ajili ya viwanda vya Manchester. Mto Mersey unaupitia kando, na watawa wa Birkenhead, ng'ambo ya pili, walikwisha kuwavusha watu mto ule tangu karne ya kumi na mbili. Mwaka 1330 mfalme Edward wa Tatu aliwapa hati ya kutoza nauli. Reli ilichimbiwa chini ya mto mwaka 1886, na barabara ya magari ikafuata mwaka 1934, yaani watu wale wana njia za reli na za magari chini ya maji. Na kivuko kingali kinatembea hadi leo. Hawakuona kwamba njia mpya inaharamisha ya zamani.

Nimefika penye uzito. Hapana mtu wa Mwanza anayeweza kuandika juu ya safari za majini bila kuzikumbuka roho zilizopotea. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na mji huu, ikitoka Bukoba na shehena ya watu na mizigo iliyopita kiasi chake, na makaburi ya Igoma yanashuhudia. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekwisha kuikaribia gati ya kisiwa cha Ukara, siku ya gulio. Kilikuwa kivuko chenye idhini ya kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Misiba yote miwili ilitufunza jambo moja kwa gharama isiyosemeka: ziwa halikuua kwa hasira yake, watu walikufa kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kusema "basi, kimejaa" ukasikilizwa. Kwa hiyo kila nisemapo habari ya vyombo vya mjini, nasema vyombo vidogo, abiria ahesabiwe mlangoni, jaketi la kuokoa maisha liwe mwilini wala si chini ya kiti, na mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, awe na mamlaka ya kuifunga gati papo hapo pepo zinapochafuka. Magugu maji nayo yataka kuondolewa kila msimu, wala si kungojea hadi yameziba bandari.

Sitaki mambo makubwa kwa mara moja. Ianze njia moja, kutoka Luchelele kupitia Butimba na Igogo hadi mjini na Kirumba, asubuhi na jioni, kwa nauli isiyozidi ya daladala, na daladala zenyewe zipangiwe kupokea abiria gatini ili makonda na madereva wasidhani wananyang'anywa mkate wao. Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zinagawana mwambao huu, na mwaka wa fedha huanza Julai. Madiwani wa pande zote mbili wakikaa pamoja mapema, wanaweza kutenga fedha ya kupima kina cha maji na kujenga gati mbili za kwanza, moja Butimba na moja Kirumba, katika bajeti hiyo hiyo ijayo.