Kuhamisha Pensheni ya Kazi ya Zamani: Je, Ni Bure?

Barua nyingi zilizofika mezani petu katika miezi ya karibuni zauliza jambo moja. Mwanachama alikuwa karani katika kampuni, au mwalimu wa shule ya watu binafsi, kisha akaingia katika utumishi wa Serikali. Huko alikotoka ameacha akiba ya uzeeni. Sasa amefikiwa ofisini na wakala, mtu mwenye maneno matamu na karatasi zilizochapwa vizuri, akimshauri aihamishe akiba ile katika mfuko mwingine, na kumwambia ya kuwa kuhamisha ni bure. Je, atie sahihi?

Hatusemi asitie. Twasema asitie kabla hajajua neno hilo “bure” lina maana gani.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi mtumishi wa Serikali ya Kenya hakukatwa mshahara kwa ajili ya pensheni yake mwenyewe. Malipo yalitoka Hazina, nayo yalihesabiwa kwa mshahara na kwa miaka ya utumishi. Hakuwa na fungu lenye jina lake, wala hakuwa na haja ya kuuliza ni nani alitunzaye na kwa ujira gani. Mambo hayo yalibadilika tarehe 1 Januari 2021, ulipoanza mfuko mpya wa watumishi wa umma chini ya sheria ya mwaka 2012. Waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa wote. Makato yalianza kwa 2 kwa mia ya mshahara, yakapanda hata 7.5, na Serikali huongeza 15. Basi karani wa leo ana akiba yake mwenyewe, na pengine ana nyingine aliyoiacha katika kazi ya kwanza, lakini wengi wetu hatujazoea kuzisoma hesabu hizo kama tusomavyo hesabu za ofisi.

Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 imeweka utaratibu mzuri wa kuzilinda mali hizi. Mfuko una wadhamini wenye kuamua. Una msimamizi mwenye kuandika hesabu za wanachama. Una meneja mwenye kuziweka fedha katika hati za Serikali, hisa na majumba. Tena una mtunza mali, ambaye kwa desturi ni benki, mwenye kuzishika fedha zenyewe ili meneja asizishike kwa mkono wake. Twausifu utaratibu huo, maana mwizi hapiti kwa urahisi penye milango minne. Walakini kila mlangoni yuko mtu, na kila mtu ana ujira wake. Ongeza mkaguzi wa hesabu, na ada ya kila mwaka ya Mamlaka inayosimamia mifuko. Wote hao hulipwa kutoka katika akiba yetu, isipokuwa pale mwajiri alipokubali kuzibeba gharama. Nao waajiri wa namna hiyo wapo. Mtumishi aondokaye kwa mwajiri kama huyo, akaipeleka akiba yake katika mfuko wa mtu mmoja mmoja, huanza kulipa mwenyewe kile alichokuwa akilipiwa, wala hapana atakayemwandikia barua kumwarifu.

Tuurudie usemi wa wakala. Asemapo bure, husema kweli kwa habari ya mlangoni. Mara nyingi hakuna ada ya kuingia, na pengine hata mfuko wa zamani hautozi ada ya kutoka. Lakini ada kubwa haikai mlangoni, hukaa ndani ya nyumba. Hutozwa kila mwaka, nayo hutozwa juu ya akiba nzima, si juu ya faida ya mwaka ule peke yake. Hata mwaka wa hasara hukatwa.

Makarani wenzetu, shikeni kalamu. Tuseme mtu ana Sh. 600,000, amebakiza miaka 20 hata kustaafu, na fedha hizo zazaa 9 kwa mia kila mwaka kabla ya makato. Mfuko wa kwanza ukikata 1, hubaki 8, na mwisho wa miaka hiyo atakuta kadiri ya Sh. 2,797,000. Mfuko wa pili ukikata 2, hubaki 7, naye atakuta kadiri ya Sh. 2,322,000. Tofauti ni Sh. 475,000. Mtu aliyeambiwa kwamba mfuko mpya umezidi kwa “moja tu kwa mia” amepungukiwa na karibu sehemu ya sita ya akiba yake ya uzeeni. Faida ya kweli hupanda na kushuka, nasi tumetoa mfano tu. Lakini mwenye shaka na aifanye hesabu tena kwa tarakimu zake mwenyewe.

Linganisha sasa na ada ya kutoka ya 2 kwa mia, ilipwayo mara moja. Kwa mtu yule yule ni Sh. 12,000, na kama zingalibaki zikazaa 8 kwa mia kwa miaka 20, zingalifika kama Sh. 56,000. Tumewaona wanachama wakiikasirikia ile 12,000 kwa sababu imeandikwa katika karatasi, na kuisamehe ile 475,000 kwa sababu haikuandikwa popote. Kumbe yaweza kuwa busara kulipa ada ya kutoka, mtu akienda penye makato madogo ya kila mwaka.

Mwenye akiba ndogo ana hatari nyingine. Mifuko mingine hutoza kiasi kimoja kwa kila mtu, si kwa mia. Shilingi 2,000 kwa mwaka si kitu kwa mwenye milioni. Kwa mwenye Sh. 40,000 ni 5 kwa mia, na faida yake yaweza kumezwa karibu yote. Mtu wa namna hiyo, mwenye vifungu viwili vitatu vilivyotawanyika, huenda akafaidika kweli kwa kuvikusanya pamoja, hasa kama mwajiri wa zamani amebadili jina au amehama na barua hazimfikii tena.

Tena iangaliwe faida inayotangazwa. Mfuko mmoja hutangaza faida kabla ya makato, na mwingine baada ya makato. Mwenye kuzilinganisha bila kuuliza amelinganisha vibaba viwili visivyo sawa. Iangaliwe na tarehe. Ipo mifuko inayotangaza faida mwisho wa mwaka, na mwenye kutoka katikati hupewa faida ya muda, ambayo yaweza kuwa ndogo kuliko ile itakayotangazwa baadaye. Hiyo haiitwi ada, lakini hupunguza akiba kama ada.

Na kama pensheni ya zamani ni ya ahadi, yaani ya kuhesabiwa kwa mshahara na miaka ya kazi, twamsihi mwanachama asimame kabisa kabla ya kuendelea. Akihamisha, hupewa kiasi cha fedha, na ile ahadi hufa. Tangu siku hiyo hatari ya soko na hatari ya kuishi miaka mingi ni zake peke yake. Hakuna ada iliyoandikwa ipatayo ukubwa wa hasara hiyo.

Wengine huona heri kuchukua fedha mkononi. Sheria humruhusu aliyeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu kuchukua sehemu ya akiba yake. Afahamu tu ya kuwa kuhamisha kutoka mfuko uliosajiliwa hata mwingine uliosajiliwa hakutozwi kodi, na kuchukua mapema kwaweza kutozwa.

Neno kwa walio ng'ambo, maana tangu mapatano ya mwaka 2021 kati ya Kenya na Uingereza wako wauguzi wetu waliokwenda kufanya kazi huko. Kule tangu Aprili 2015 mfuko wa kazini anamowekwa mtu asipochagua mwenyewe haukubaliwi kukata zaidi ya 0.75 kwa mia kwa mwaka. Na tangu 2017 aliyefikia umri wa miaka 55 hatozwi zaidi ya 1 kwa mia kwa kutoka. Lakini mwaka huo huo wa 2017 iliwekwa kodi ya 25 kwa mia juu ya pensheni inayohamishwa nje ya Uingereza, ila kwa wenye kutimiza masharti maalumu. Robo nzima! Anayetaka kurudi na akiba yake na aulize habari ya masharti hayo kabla ya kufunga sanduku la nguo.

Twaona sheria ya Kenya ingeweza kufanya jambo moja dogo lenye faida kubwa. Taarifa ya hesabu inayoletwa kwa mwanachama kila mwaka ionyeshe makato yake kwa shilingi, si kwa sehemu za mia zilizofichwa katika ukurasa wa mwisho. Sisi makarani hatuwezi kumpelekea mkubwa wa ofisi hesabu ya matumizi isiyo na jumla. Hatuoni kwa nini tuikubali kwa mali zetu wenyewe. Kamati imekwisha agizwa kuandika barua ya ombi hilo.

Katika ofisi zetu pia, twawaomba makatibu wa matawi wasimpe wakala yeyote nafasi ya kusema na wanachama mpaka ameleta kwa maandishi mambo manne: makato yote ya kila mwaka, ada ya kuingia na ya kutoka, malipo ayapatayo yeye mwenyewe kwa kila anayemwandikisha, na faida ya miaka iliyopita baada ya makato. Mwanachama naye auandikie mfuko wake wa zamani na kuuliza hayo hayo, pamoja na hili: ni nani anayelipa gharama za mfuko ule, mwajiri au wanachama. Majibu yakifika, ayalete kwa katibu wa tawi pamoja na taarifa yake ya hesabu. Mweka hazina ataziandika hesabu zote mbili katika karatasi moja, bila malipo, kisha mwenyewe ataamua.