Pembe Kwenda, Merikani Kurudi

Vijana wenzangu wa kalamu na penseli, leo nina ugomvi. Si ugomvi na kompyuta. Kompyuta ni chombo kama jembe, na jembe halilaumiwi kwa shamba baya. Ugomvi wangu ni na wimbo ulioshika mji: eti katuni ya mkono imekufa, eti mchoro bapa ni ushamba, eti mhusika hajawa mhusika mpaka avalishwe ngozi ya kompyuta inayong'aa kama sufuria mpya. Nasema huo ni uongo. Tena ni uongo wa zamani, na sisi wa Tabora tulipaswa kuunusa kabla ya watu wote.

Kwa nini Tabora? Kwa sababu hapa ndipo njia zilipokutana. Karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikapanda hadi Unyanyembe, na hapa ikagawanyika: mingine ikaenda Ujiji, mingine kaskazini, Karagwe hadi Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Kilichopanda kilikuwa shanga, nyaya na kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani, ndiyo kikaitwa merikani. Na binadamu waliuzwa kwenye njia hiyohiyo, tusisahau. Pembe ilikwenda ghafi, ng'ambo ikageuzwa vibonye vya piano. Mpagazi aliyeibeba hakuwahi kuipiga hiyo piano. Yeye alipata doti ya nguo na bega lenye sugu.

Sasa ruka miaka mia na ushee. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa The Lion King, sinema ya katuni iliyochorwa kwa mkono. Wahusika wakapewa majina ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Fisi jike akaitwa Shenzi. Naam, neno lilelile ambalo waungwana wa pwani waliwapachika watu wa bara, babu zetu wabeba pembe wakiwemo. Mwaka huohuo kampuni iliomba maneno "Hakuna Matata" yawe alama yake ya biashara, na mwaka 2003 yakasajiliwa huko Marekani. Kwa bidhaa gani? Nguo! Fulana! Bwana we, merikani imerudi tena.

Lakini tusiishie kwenye majina, tuingie kwenye ufundi wenyewe. Mwaka 2019 sinema ile ilitengenezwa upya kwa kompyuta, chini ya mwongozaji Jon Favreau. Manyoya unayahesabu moja moja. Vumbi ni vumbi kweli. Ila mtazame Simba anapompoteza baba yake. Uso haumpasuki. Simba wa 1994 alikuwa na nyusi, mdomo unaopinda na macho yanayokua kwa woga. Simba wa mbugani hana nyusi, na yule wa 2019 alilazimishwa kuwa wa mbugani. Wamempa ngozi, wakamnyang'anya uso.

Najua mtasema: "Lakini iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6!" Sawa. Pembe nazo ziliingiza fedha nyingi. Tangu lini fedha ikawa ushahidi kwamba aliyebeba mzigo amepata haki yake?

Tuelewane hapa, maana ndipo wengi tunapojikwaa. Mchoraji wa katuni ya mkono ni mwongo mwenye kibali. Kila sekunde ya sinema ina picha 24, na kwa kawaida yeye huchora 12, kila moja ikikaa mara mbili. Katika kila mchoro ana ruhusa ya kudanganya: mkono urefuke, kichwa kivimbe, pua ihame. Katuni ya kompyuta haianzi hivyo. Inaanza kama kinyago. Unachonga umbo moja, unalitia mifupa ndani, kisha unalichezesha. Kinyago hakidanganyi kirahisi. Mtazame Mickey Mouse, ambaye tangu 1928 masikio yake ni duara mbili hata akigeuka wapi. Mchonge kama kinyago cha kawaida, akigeuka ubavu sikio linakuwa kama sahani iliyotazamwa pembeni, na Mickey katoweka.

Basi kumhamisha mhusika kutoka mkononi kwenda kwenye kompyuta ni kutafsiri, na nyie waandishi mnajua tafsiri ya neno kwa neno inavyonuka. Swali la kwanza la mtafsiri ni hili: ni uongo upi unaomfanya mhusika huyu awe yeye? Waliotengeneza The Peanuts Movie mwaka 2015 walijiuliza. Walimtia Charlie Brown kwenye kompyuta, wakayaacha macho yake yabaki vidoto vya wino kama alivyoyachora Charles Schulz. Waliotengeneza Spider-Man: Into the Spider-Verse mwaka 2018 walirudisha mistari ya mkono juu ya umbo la kompyuta. Hata Disney wa 1994 walijua: nyumbu wanaotimua mbio korongoni walitengenezwa kwa kompyuta, kwa sababu kundi halihitaji uso. Simba aliachiwa penseli.

Na nyumbani je? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipaka rangi za mafuta juu ya mbao Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1972. Mwaka 2010 wanyama wa mtindo wake walianza kutembea katika Tinga Tinga Tales, wakichezeshwa kwa kompyuta Nairobi na vijana wa Homeboyz. Tafsiri ile ni ya heshima: ubapa ulibaki, madoa yalibaki. Ila kampuni mwenye kazi ilikuwa ya Uingereza, na hadithi zilisemwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto wa BBC. Brashi yetu, kompyuta ya jirani, kinywa cha Mwingereza. Nusu ya safari.

Ndiyo maana nakasirika nikiona vijana wetu, wenye vipaji kibao, wakichukua umbo la bure lililochongwa na mtu mwingine, macho kama visosi, wakalivika kaniki na kuliita mpagazi wa Unyanyembe. Wanamzuga nani? Mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 30 na ushee, siku nenda siku rudi. Mchoro mmoja wa penseli, bega likishuka na shingo ikikwepa pembe, unakupa uzito huo. Ukimpa mwendo uliookotwa kwenye ghala la kompyuta, anatembea kama amebeba godoro la sponji. Mateso ya njia nzima yamefutwa kwa kubonyeza kitufe.

Msiniambie vifaa hakuna. Programu ya Blender ni ya bure, tena inakuruhusu kuchora mistari ya mkono humohumo ndani. Sinema ya Flow, kutoka nchi ndogo ya Latvia, ilitengenezwa kwa Blender ikatwaa Oscar mwaka 2025. Paka wake hasemi neno, wala hajaazimwa uso kwa mtu. Na mwaka 2023 Waafrika waliongoza filamu kumi za Kizazi Moto, wakiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Uwezo upo. Kinachokosekana ni daftari lililojaa michoro kabla ya kuwasha mashine.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Kwanza, chora mhusika wako mara mia kwa mkono, mpaka ujue uongo wake. Pili, rudini kwa wazee wa katuni: Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Someni mstari wao kabla hajatokea mjanja wa ng'ambo kuwachonga vinyago. Tatu, nyie waandishi, andikeni mkataba kama mnavyoandika shairi, kwa kupima kila neno, ili jina la mhusika libaki mikononi mwa aliyemzaa.

Babu zetu walibeba pembe kwa sababu hawakuwa na kiwanda cha kuzichonga. Sisi kiwanda kinaenea mezani. Tukiendelea kupeleka ghafi na kupokea fulana, tusimlaumu Disney wala mtu mwingine. Anayebisha aandike, kurasa hizi ziko wazi.