Kujitegemea kumeachiwa mwananchi peke yake



Nataka kuzungumzia michango. Kijijini kwetu boma la madarasa mawili tumelisimamisha wenyewe: tumefyatua matofali, kina mama wamesomba maji na mchanga, kila kaya imetoa fedha. Sasa limefika usawa wa lenta, nyasi zimeota ndani, na tunaambiwa tusubiri mabati. Wakubwa walikuja, wakapiga picha mbele yake, wakaondoka.

Mimi naamini katika kujitegemea. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililohimiza kujitegemea, halikumwagiza mkulima peke yake. Lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Wajibu wa mwananchi kujitolea haukuguswa. Ndiyo maana ahadi za jukwaani hazituingii tena akilini, na wakubwa wasituite wakorofi kwa hilo.

Wanakijiji wenzangu, kabla ya kutoa mchango mwingine, tudai mapato na matumizi ya ule wa kwanza yasomwe mbele yetu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, risiti zikiwa mezani.

Mkulima,
Kilosa, Morogoro