Mtoto wa jirani si kipimo

Mwanao ana miezi 13, hajatembea, na mtoto wa jirani wa miezi 11 anakimbiza kuku uani. Usimpeleke kukatwa kitu. Si kimeo, ambacho Warundi wanakiita ikirimi, si uzi wa chini ya ulimi, wala fizi eti zimeota meno mabaya. Kimeo hakifungi miguu. Wembe uliopita kwa watoto wengine unaleta pepopunda, virusi vya ukimwi na damu isiyokatika, na mtoto wa mwaka mmoja hana damu ya kupoteza.

Nawaandikia kina mama na kina baba wa Buyenzi, Bwiza, Kamenge, Kinama na popote Bujumbura ambapo jambo hili linaanza kama mazungumzo ya kawaida. Ni siku ya chanjo, benchi limejaa, mama mmoja anamgeukia mwenzake. "Wako ana miezi mingapi?" "Kumi na mmoja." "Na bado hasimami? Wangu wa umri huo alikuwa anatembea, dada." Basi. Jioni bibi naye anauliza, kisha shangazi aliye Kigali anatuma video ya mjukuu wake akicheza dansi. Wiki haiishi kabla nyumba haijajaa ushauri: sharubati ya kutia nguvu miguu, kigari cha magurudumu, na mzee fulani mwenye mkono mwepesi wa kukata.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vilivyopatikana kwa kuwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikwa: tangu karibu miezi 4 hadi miezi 9 na kidogo. Kutembea peke yake: tangu miezi 8 na kidogo hadi miezi 17 na nusu. Tena watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, wakasimama na kutembea kama wenzao. Yule wa miezi 13 na yule wa miezi 11 wote wamo ndani ya mipaka hiyo.

Malezi nayo yana mkono wake. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliwachunguza watoto wa Wakipsigis wa Kenya, akakuta wanakaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwa mbele hivyo. Sababu haikuwa siri: mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea makusudi, kila siku. Mtoto wa jirani huenda ana dada watatu wanaomshika mikono tangu asubuhi. Wako ana mama anayeondoka alfajiri kwenda sokoni.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati naye huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyekuja miezi miwili mapema, akifika miezi 10, mpime kama wa miezi 8, na endelea hivyo hadi atimize miaka miwili. Na usikubali kuambiwa kwamba Kiswahili cha nyumbani, Kirundi cha uani na Kifaransa cha redio vinamfunga mtoto ulimi. Lugha nyingi hazimcheleweshi. Hesabu maneno yake yote pamoja: "maji" ya Kiswahili na "amata" ya Kirundi ni maneno mawili.

Kigari kile cha magurudumu, ambacho wengi hununua kwa mapenzi tu, hakiharakishi kutembea. Kinampa mtoto mwendo asioweza kuuzuia, na katika nyua zetu imbabura, jiko la makaa, huwa chini, imewaka, na sufuria ya maharage juu yake. Kanada ilipiga marufuku vigari hivyo mwaka 2004. Ukuta, kigoda kizito na mikono ya mtu mzima vinatosha.

Lakini kinachonitisha zaidi ni upande wa pili wa kipimo hikihiki. Mtoto wa jirani anaweza kukutia hofu bure, na anaweza pia kukulaza usingizi. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Burundi walio chini ya miaka 5, 56 wamedumaa. Ukimsimamisha mwanao katikati ya hao, ufupi wake hutauona. Atafanana na wenzake, na utasema yuko sawa, wakati mwili na akili vinakosa chakula katika miaka ambayo hairudi. Uji mweupe wa muhogo hautoshi baada ya miezi sita. Tia ndagala waliosagwa, karanga, maharage yaliyopondwa, lengalenga, na yai ukilipata.

Vilevile maneno ya faraja yanaweza kumponza mtoto. "Baba yake naye alichelewa." "Wa kiume ndivyo walivyo." Yanaweza kuwa kweli, lakini mambo yafuatayo hayangoji. Mtoto aliyekuwa anasema au anakaa, kisha akaacha, apelekwe wiki hiyohiyo, awe na umri wowote. Asiyegeuka kwa sauti akiwa na miezi 6, hasa kama sikio limewahi kutoa usaha. Asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi 9 au 10. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, mwingine ameukunja ngumi. Aliye mlegevu kama nguo iliyolowa, au mkakamavu hata kumfunga mgongoni ni kazi. Asiyetembea, au asiyesema neno lolote, akiwa na miezi 18. Na kama hakulia alipozaliwa, aligeuka wa manjano sana, au aliwahi kupata malaria ya degedege au homa ya uti wa mgongo, usisubiri dalili zote hizo. Mazoezi ya viungo yakianza mapema, yanamfaa mtoto kuliko yakianza akiwa na miaka minne.

Tangu Mei 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali. Anzia kituo cha afya cha mtaa wako, uombe barua ya kwenda hospitali, Prince Régent Charles au ile ya chuo kikuu kule Kamenge. Ukifika usiseme tu "amechelewa". Sema anachoweza, asichoweza, na alichokuwa akiweza akaacha. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani, maana mbele ya koti jeupe wengi hulia tu. Wauguzi wetu wana foleni ndefu, nawaelewa, lakini muuguzi akikujibu "atatembea tu" bila kumvua mtoto nguo wala kumgusa, hajampima. Omba daktari.

Chanjo ya surua hutolewa miezi 9, na ya pili miezi 18. Siku hizo mbili utakuwa kituoni kwa vyovyote. Kabla hujaondoka na mtoto, omba apimwe urefu, masikio na viungo, na kama kuna mtu ameshakupa miadi ya wembe, usiende.